Damu na Karatasi

(Hotuba niliyoitoa Tanga, jioni moja, kabla ya kuonyeshwa filamu ya Nosferatu. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu, na nimerefusha mahali ambapo muda ulinibana.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na vijana mliokuja na madaftari, habari za jioni.

Nimeombwa niseme kidogo kabla taa hazijazimwa. Filamu tutakayoiona ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, haina sauti, na iliwahi kuhukumiwa iteketezwe. Nitafika huko. Ila nianzie nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kulisikia jina la Dracula. Yeye alimjua mumiani. Tulipokuwa wadogo, magharibi ikiingia alituita ndani, na aliyechelewa kuitika aliambiwa habari za watu waliotoka kuchota maji wasirudi, wakaning'inizwa kichwa chini, damu yao ikakingwa kwenye ndoo ikaenda kutengenezwa dawa. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nikamuuliza, bibi, nani alimwona? Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake: "Aliyemwona hakurudi kuja kusema."

Miaka michache baadaye nikamkuta mnyonya damu wa pili, safari hii kwenye kibanda umiza. Mnakijua: mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, jasho, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti anayetutafsiria filamu nzima. Siku hiyo kwenye skrini alisimama mwanamume mweupe kama chokaa, joho jeusi, meno mawili nje. Mfasiri wetu akasema, "Huyu sasa ndiye mumiani wa Ulaya." Akamsemea yule bwana, akamsemea mwanamke aliyelala kitandani, akamsemea na padri. Sauti moja iliwasemea wote, na yule mwanamke, aliyekuwa akinyonywa damu mbele ya macho yetu, alisemewa maneno matatu tu.

Nimekuwa mwalimu wa fasihi kwa muda mrefu sasa, na katika mambo yote yaliyoandikwa kuhusu hadithi hizi, jibu la bibi ndilo linalonirudisha kwenye vitabu. Katika hadithi ambayo mwisho wake ni mtu kukaushwa damu, ushuhuda unabaki na nani? Hilo ndilo nataka tulitazame jioni hii.

Bram Stoker alizaliwa Dublin mwaka 1847. Kazi yake ilikuwa umeneja wa ukumbi wa Lyceum wa London, ukumbi wa mwigizaji mashuhuri Henry Irving, na riwaya aliziandika kwa muda wa kuibia. Dracula ilitoka Mei 1897. Transylvania hakuwahi kufika. Aliisoma vitabuni, na jina lenyewe la Dracula alilikuta mwaka 1890 kwenye kitabu cha maktaba ya Whitby, mji mdogo wa pwani ya Uingereza alikokwenda mapumziko.

Hapa niseme neno la pembeni kwa ajili yetu sisi watu wa pwani. Miongoni mwa watu Stoker aliokaa nao meza moja alikuwamo Richard Burton, yule aliyeondoka pwani hii mwaka 1857 kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika. Burton mwenyewe alichapisha mwaka 1870 hadithi za Kihindi za mfalme Vikram na pepo akaaye ndani ya maiti. Stoker, katika kumbukumbu zake za mwaka 1906, anaeleza jinsi Burton alivyokuwa akisimulia safari zake, mdomo wa juu ukipanda na jino la chonge likichomoza lote, liking'aa kama jambia. Sisemi kwamba meno ya Dracula yalitoka kinywani mwa Burton. Nasema kwamba London ya Stoker ilijaa watu waliorudi kutoka nchi za mbali wakisimulia, na waliosimuliwa hawakuwapo mezani. Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Burton kutoka pwani mpaka ziwani, hakutuachia kitabu.

Turudi kwenye riwaya. Wengi wetu tumeiona kabla ya kuisoma, na ndiyo maana mtu akiifungua mara ya kwanza hushangaa. Hakuna msimulizi. Kuna rundo la karatasi: shajara ya Jonathan Harker, wakili kijana, iliyoandikwa kwa hatimkato, barua za wasichana wawili marafiki, Mina, mchumba wa Harker, na Lucy, vipande vya magazeti, daftari la nahodha wa meli iitwayo Demeter, na kumbukumbu za daktari Seward, ambaye haandiki, anazungumza kwenye fonografu, sauti inabaki kwenye silinda za nta. Kwa mwaka 1897 hivyo vilikuwa vyombo vya kisasa kabisa. Kila mtu kwenye kitabu anaandika, isipokuwa Dracula. Yeye tunazo barua zake fupi mbili tatu, nazo tunazisoma kwa sababu Harker alizinakili. Baada ya sura nne za mwanzo, pale kwenye ngome yake, karibu anatoweka kitabuni. Tunaona dirisha lililofunguliwa, mbwa aliyekimbia, vidonda viwili shingoni. Tunamjua kwa alama alizoziacha kwa wengine.

Na sasa angalieni anavyoziogopa karatasi. Harker akiwa mfungwa ngomeni, Dracula anamlazimisha aandike barua tatu mapema, zenye tarehe za mbele: 12 Juni, 19 Juni, 29 Juni. Ya kwanza iseme kazi imekaribia kwisha, ya pili kwamba kesho anaondoka, ya tatu kwamba ameshaondoka. Yaani mtu bado anapumua, ushuhuda wa uongo wa safari yake umeshafungwa kwenye bahasha. Harker anajaribu kupenyeza barua ya siri kwa Mina, ameiandika kwa hatimkato. Dracula anaikamata, anaona maandishi asiyoweza kuyasoma, anaichoma moto kwenye taa, mbele ya macho yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote za ngomeni, kuliko hata ile ya Dracula akitambaa ukutani kichwa chini kama mjusi. Damu ya Harker hajaigusa bado. Ameanza na karatasi zake.

Mina, mwalimu wa shule, ndiye anayejifunza kupiga taipureta, na ndiye anayekusanya shajara zote, silinda zote, magazeti yote, akavipanga kwa tarehe. Anatumia karatasi za kaboni ili kila ukurasa utoke nakala tatu. Bila yeye wanaume wale watano, akiwamo profesa wao Van Helsing, wangekuwa kila mmoja na kipande chake cha hofu. Kisha wanamshukuru, wanamwambia sasa apumzike, mambo yaliyobaki hayafai kwa mwanamke. Usiku wanaomweka kando ndio Dracula anapoanza kumjia. Stoker hakuifafanua sehemu hiyo; aliiacha hivyo hivyo, msomaji aone mwenyewe.

Na Dracula akishaingia kwenye nyumba ya daktari Seward, walimokusanyika wote, anafanya nini? Anazitupa karatasi motoni. Anatupa na silinda za daktari, nta ikazidisha moto. Seward anaposikia, anashukuru Mungu: nakala nyingine imo ndani ya sefu.

Kitabu kinafunga na maelezo mafupi ya Harker, miaka saba baadaye. Anasema wameangalia tena lile rundo lote, na karibu hakuna hati ya asili iliyobaki, ni kurasa zilizopigwa taipureta tu, na hawawezi kumtaka mtu yeyote azikubali kuwa ushahidi. Dracula amekufa kwa kisu shingoni na kisu kifuani, jua likizama. Ila kwenye vita vya karatasi amekaribia kushinda. Imebaki nakala.

Lakini Stoker hakuwa wa kwanza, na niseme wazi kwamba si yeye ninayempenda zaidi. Kabla yake kulikuwa na John Polidori, daktari kijana wa mshairi Byron. Mwaka 1816 walikuwa pamoja kando ya ziwa la Geneva, kiangazi cha mvua na baridi kwa sababu ya mlima Tambora uliolipuka Indonesia mwaka uliotangulia, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kutoka huko Mary Shelley alipata Frankenstein. Polidori alipata mnyonya damu wa kwanza wa kibwanyenye katika fasihi ya Kiingereza, Lord Ruthven, na hadithi ilipochapishwa mwaka 1819 iliwekewa jina la Byron badala ya lake. Polidori alikufa miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Hata mtunzi, basi, alinyonywa.

Ninayempenda ni Sheridan Le Fanu, mtu wa Dublin pia, na hadithi yake Carmilla, iliyoingia kitabuni mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Dracula. Mahali ni Styria, jimbo la Austria. Binti mpweke, Laura, anaishi na baba yake kwenye ngome katikati ya msitu. Siku moja gari la farasi linapinduka mbele ya lango, mama mmoja mwenye haraka anaomba wamhifadhie binti yake kwa miezi mitatu, na mgeni anakaribishwa. Mgeni mzuri, mlegevu, anayeamka mchana, asiyesali. Mswahili anayejua kwamba kikulacho ki nguoni mwako ataielewa Carmilla kuanzia ukurasa wa kwanza. Laura anampenda. Anamchukia pia kidogo, na hajui kwa nini. Anaota kitu kama paka mkubwa mweusi kitandani, anasikia kama sindano mbili kifuani, anaanza kudhoofika. Wanapopata picha ya zamani ya ukutani na kuisafisha, inaonyesha mwanamke wa mwaka 1698 mwenye uso ule ule wa mgeni wao, hata baka dogo la shingoni. Mircalla, Millarca, Carmilla: herufi zile zile zinazopangwa upya, kwa sababu kwa sheria ya hadithi hii jina lake hawezi kuliacha.

Kwa nini naipenda? Kwa sababu anayesimulia ni Laura mwenyewe. Aliyeng'atwa ndiye aliyeshika kalamu. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijua maiti, na hapa kwa mara moja maiti, au aliyekaribia kuwa maiti, anatueleza. Anaeleza hofu na anaeleza utamu wake, bila kuona haya, miaka zaidi ya kumi baada ya mambo yale, na sentensi yake ya mwisho ni kwamba bado wakati mwingine hushtuka kutoka kwenye mawazo akidhani amesikia nyayo nyepesi za Carmilla mlangoni. Aliyemchapishia maelezo anatuambia mwanzoni kabisa kwamba alipotaka kumwandikia, alikuta ameshafariki. Karatasi yake ilimzidi umri.

Filamu zilipoichukua Carmilla zilifanya nini? Mwaka 1932 Carl Dreyer wa Denmark alitengeneza Vampyr, akaandika kwamba ameitoa kwenye kitabu cha Le Fanu. Ni filamu nzuri mno, ina ukungu wake, na ina sehemu ambapo mtu amelazwa ndani ya jeneza lenye kidirisha cha kioo, nasi tunatazama juu pamoja naye, miti na anga vikipita. Lakini Laura hayumo. Tunamfuata kijana wa kiume anayetembeatembea na kutazama. Mwaka 1970 studio ya Hammer ya Uingereza ikatengeneza The Vampire Lovers. Laura yumo, lakini kamera inamtaka Carmilla, na mwili wake. Kalamu imepokonywa. Sisemi filamu ni adui wa kitabu. Kamera inahitaji kitu cha kutazama, na mtu anayeandika peke yake chumbani miaka kumi baadaye si kitu ambacho kamera inajua kukifanyia kazi kirahisi. Lakini tukubali kwamba kuna kitu kimeondoka, na kilichoondoka ni sauti ya mwenye kidonda.

Sasa tufike kwenye filamu ya leo.

Mwaka 1922 kampuni changa ya Berlin, Prana-Film, ilitoa Nosferatu, mwongozaji akiwa F. W. Murnau. Walichukua hadithi ya Stoker bila kununua haki. Dracula wakamwita Orlok, London wakaifanya mji wa Wisborg, mwaka wakaurudisha 1838. Na bado, kwenye maandishi ya mwanzo ya filamu, wakaandika kwamba imetungwa kutokana na riwaya ya Bram Stoker. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukiri kosa waziwazi namna hiyo.

Stoker alikuwa amekufa mwaka 1912. Mjane wake, Florence, alikuwa na riwaya hiyo na haki zake, na hakuwa na vingi zaidi ya hapo. Aliposikia habari za Berlin akaomba msaada wa chama cha waandishi cha Uingereza na akashtaki. Prana-Film ilikuwa imeshafilisika, pesa hazikuwepo. Kwa hiyo alichodai, na alichopewa na mahakama ya Ujerumani mwaka 1925, ni kwamba negativu na nakala zote za filamu ziteketezwe. Vitabu vingi vya sinema humsema vibaya mama huyu. Mimi sitamsema. Alikuwa mjane anayelinda alichoachiwa, na aliibiwa kweli. Lakini inanigusa kwamba hukumu aliyoipata ni ile ile aliyoitekeleza Dracula kwenye chumba cha daktari: vitupwe motoni.

Na ilivyoponea ni vile vile. Nakala. Filamu ilikuwa imeshavuka mipaka, katika nchi mbalimbali kulikuwa na nakala ambazo mkono wa mahakama haukuzifikia, na kutoka kwenye hizo, zilizochakaa, zilizokatwa, ndiko wahifadhi walikoishona upya. Mtakachokiona usiku huu ni sefu ya daktari Seward.

Kuna jambo jingine nataka mliangalie. Filamu inaanza na ukurasa wa kitabu: ni kumbukumbu ya vifo vikuu vya Wisborg, mwandishi wake ametia misalaba mitatu mahali pa jina. Murnau na mwandishi wake Henrik Galeen hawakuzitupa karatasi za Stoker. Mtaona barua, mtaona daftari la meli, mtaona kitabu cha wanyonya damu ambacho Hutter, mume, anamkataza mkewe Ellen asikisome. Ellen anakisoma. Ndimo anamojua kwamba mwanamke akimzuia mnyonya damu kwa hiari yake mpaka jogoo awike, ndio mwisho wake. Analifungua dirisha. Orlok anabaki mpaka alfajiri, mwanga wa jua unamfika, anayeyuka kuwa moshi.

Hapo kuna kitu ambacho dunia nzima inakiamini na hakimo katika Dracula. Dracula wa Stoker anatembea Piccadilly mchana kweupe. Jua linampunguzia nguvu, halimuui. Kifo cha jua kililetwa na filamu hii, filamu iliyopaswa iwe majivu. Leo mtoto yeyote atakwambia mnyonya damu huungua juani, na hajui kwamba anarudia maneno ya nakala iliyoponyoka.

Si zote zilizoponyoka. Tod Browning, aliyeiongoza Dracula ya Marekani mwaka 1931, alikuwa ametengeneza mwaka 1927 filamu ya London After Midnight, na nakala ya mwisho inayojulikana iliungua kwenye ghala la studio miaka ya 1960. Zimebaki picha za mnato, uso wa Lon Chaney wenye meno kama msumeno. Ile ya 1931 mnaifahamu: Bela Lugosi, aliyetoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Broadway, joho, lafudhi nzito ya Kihungari. Usiku, kwenye mandhari zile zile, kundi jingine lilikuwa likipiga Dracula ya Kihispania, kwa ajili ya watazamaji wa Amerika ya Kilatini. Hiyo nayo ilikaribia kupotea, na kipande kilichokosekana kikapatikana Havana, Kuba. Tazameni ramani ya hadithi hii: Transylvania, Berlin, Havana.

Lugosi alimpa mnyonya damu sauti. Christopher Lee, kwenye Dracula ya Hammer ya 1958, alimpa rangi nyekundu na urefu, na akazungumza kidogo sana. Francis Ford Coppola mwaka 1992 akampa mke aliyefariki na mapenzi ya karne nne, mambo ambayo Stoker hakuyaandika. Ni filamu ya kupendeza macho, mavazi ya Eiko Ishioka yalistahili Oscar waliyoyapa. Ila mimi huitazama kwa uzito moyoni, kwa sababu Mina wa taipureta, Mina wa nakala tatu, humo amegeuzwa kuwa kumbukumbu ya mke wa mtu mwingine. Kazi yake ya karatasi imekuwa kitu cha kupita tu.

Na mwaka 1976 Anne Rice alikuwa ameshampa mnyonya damu kinasa sauti. Katika riwaya yake Interview with the Vampire, kijana mwandishi wa habari anakaa chumbani San Francisco, anabonyeza kitufe, na Louis anaeleza maisha yake tangu 1791, alipokuwa mwenye shamba huko Louisiana. Silinda za Seward zilikuwa za kumwinda. Kanda hizi ni zake mwenyewe. Ni riwaya yenye huzuni ya kweli, na filamu ya Neil Jordan ya mwaka 1994 iliifuata kwa uaminifu. Lakini shamba la Louis lina watumwa, nao ndio wanaoanza kutambua kwamba mabwana hawa si watu. Wanaona, wanakumbuka, wananong'ona. Kinasa sauti hakikuwekwa mbele yao.

Miaka minne kabla ya riwaya hiyo kulikuwa na filamu ambayo wakosoaji wengi waliiona ya bei rahisi, na mimi naiheshimu: Blacula ya William Crain, 1972, William Marshall akiwa mwigizaji mkuu. Inaanza mwaka 1780. Mwana wa mfalme wa Kiafrika, Mamuwalde, na mkewe Luva wanafika kwenye ngome ya Dracula kumwomba asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Dracula anacheka. Anamng'ata, anamwita jina alilolibuni kutoka kwenye jina lake mwenyewe, anamfungia jenezani, na Luva anaachwa afe mle chumbani akisikiliza. Kunyonywa damu, na kupokonywa jina, kwa pigo moja. Marshall, kwa sauti yake ile ya mwigizaji wa Shakespeare, hakumruhusu mtazamaji asahau kwamba mtu huyu alikuwa na jina kabla.

Mwaka uliofuata Bill Gunn akatengeneza Ganja & Hess, filamu ya polepole, ya kina, kuhusu Mmarekani mweusi msomi mwenye kiu ya damu. Wasambazaji hawakuielewa. Wakaikatakata, wakaiuza kwa jina jingine. Toleo lake halisi lilisalimika kwa sababu nakala ilikuwa imehifadhiwa kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Tena sefu.

Niliahidi kurudi kwa bibi. Neno mumiani lilikuwa jina la dawa kabla halijawa jina la mtu: kitu cheusi kama lami, kilichouzwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika. Ni neno la Kiajemi, ndilo hilo lililozaa jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Wakati wa ukoloni, huku pwani likawa jina la wanaochukua damu za watu. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, na gari lao jekundu liliogopwa. Kongo waliitwa batumbula. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alikusanya simulizi hizi katika kitabu cha mwaka 2000, na hoja yake iliniamsha. Hakukaa kubishana kama ndoo za damu zilikuwepo. Aliuliza watu hawa walikuwa wanaeleza nini kuhusu kazi, mshahara, hospitali, na serikali iliyochukua bila kueleza. Sihitaji kuamini habari ya gari jekundu, na najua uvumi wa namna hii umewahi kuwaumiza watu wasio na hatia. Lakini kwa miongo mingi simulizi hizi zilikaa kwenye mafaili ya maofisa kama upuuzi wa wenyeji. Zilikuwa karatasi, ndiyo, ila zilizoandikwa na upande ulioshutumiwa.

Nimebakiza karatasi moja.

Lucy, rafiki wa Mina, ndiye anayenyonywa kwanza huko Uingereza. Kwenye filamu nyingi yeye ni msichana mzuri anayepauka, anayekufa, anayerudi. Kitabuni, usiku wa 17 Septemba, amelala na mama yake. Mbwa mwitu anavunja dirisha, mama anakufa kwa mshtuko, watumishi wamenyweshwa dawa ya usingizi wamelala sakafuni. Lucy yuko peke yake na maiti ya mama yake, na dirisha liko wazi. Akiwa katika hali hiyo anaandika. Anaandika yote yaliyotokea, ili mtu mwingine asije akaingizwa kwenye matatizo kwa ajili yake, anaikunja karatasi na kuificha kifuani, wataikuta watakapokuja kumlaza kwenye sanda.

Wanamkuta hai, kwa shida. Wanapombeba kwenda kumkanda kwa maji ya moto, karatasi inaanguka, wanaisoma, wanamrudishia. Na jioni inayofuata, akiwa usingizini, tayari nusu yake si yake tena, mikono yake inaitoa ile karatasi kifuani na kuipasua vipande viwili. Van Helsing anainuka, anamnyang'anya vile vipande. Lucy hafumbui macho. Mikono inaendelea kupasua, inapasua hewa, kisha inanyanyuka na kutawanya vipande visivyokuwepo.

Tuzimeni taa sasa. Na leo hakuna mfasiri mwenye kipaza sauti. Ellen akianza kusoma kile kitabu alichokatazwa, mtamsomea wenyewe.